Rajputi Aliyetolewa Ukutani

Juzi, mwenzangu, mwanangu alinipeleka kwa daktari wa macho, na pale tulipokaa kusubiri nikamwona ukutani: bwana mkubwa wa Kirajputi, wale mabwana wa vita wa Bara Hindi, kajilaza kwenye takia, ndevu kazigawa katikati, lulu shingoni, upanga kauweka kando, ananusa ua. Si picha ile ya kwetu, ila yeye ni yuleyule. Nikangoja moyo ushtuke. Wapi, ulitulia tu.

Ya kwetu ilikuwa Kinondoni, enzi za Mwingereza, wakati kule bado ni mihogo na minazi. Mama alikuwa yaya kwa Mhindi wa duka, na walipohamia mjini mke wa Mhindi akampa picha ile iwe kumbukumbu. Mama akaitundika chumbani, mkabala na kitanda. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akipepeta mchele huku akimsuta yule bwana: "Mwanamume mzima, mchana kweupe, anachezea ua. Mwambieni akatukatie kuni." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani anatwanga kisamvu, nazi inachemka jikoni, na bwana wa watu kastarehe, hana habari na mtu.

Kisha kifua kikamlaza mama. Dawa za hospitali, mizizi, vyote tulijaribu. Siku moja mwalimu wetu wa madrasa akaja kumsomea dua, akamwona Rajputi, akasita mlangoni. Akasema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye masanamu. Bibi angefanya lolote mwanawe apone. Hata dua haijaanza, keshaitoa picha, kaisokomeza jikoni nyuma ya kuni.

Mama hakubisha. Ila macho yake yakakosa pa kwenda. Siku nzima alitazama msumari uliobaki ukutani.

"Mama, nirudishie mgeni wangu," alimwambia bibi.

"Upone kwanza, mwanangu. Ukipona nitakutundikia kumi."

Akaomba tena kesho yake, na keshokutwa. Halafu akaacha kuomba.

Alifariki asubuhi, uji wake ukiwa bado jikoni. Watu wakajaa, kilio kikapigwa, mie nikakaa tu mkekani nikihesabiwa miongoni mwa wafiwa. Machozi hayakuja. Wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu.

Baada ya arobaini, bibi aliitoa picha jikoni, akaipangusa masizi, akaitundika palepale. Akajilaza kwenye kitanda cha mama, akaitazama. "Mtoa roho yeye hakuuliza kama mna masanamu," akasema.

Sasa bibi hayupo, nyumba ilishavunjwa, na picha sijui iliishia kwa nani. Mama hakuwahi kupigwa picha. Sauti yake naisikia kwa mbali, mikono yake naikumbuka kidogo, lakini uso nimeutafuta mpaka nimechoka. Kila nikifumba macho nimwone, anakuja Rajputi.