Mtaro wa Elinaza

Pale ofisini Same, mtaro ule ulikuwa na jina. Uliitwa "mtaro wa Elinaza", na mwenye jina kila alipolisikia alijifanya hajasikia, ili litamkwe mara ya pili.

Vinginevyo hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, fundi sanifu wa barabara, mtoto pekee wa Esta, mjane anayelima tangawizi huko juu milimani. Lakini kwa habari ya mtaro, majivuno alikuwa nayo, tusimfichie. Programu ya kompyuta ya kuchorea barabara ilikuja na mitaro yake tayari, ya nchi za watu, na kwenye udongo wetu haikukaa vizuri. Elinaza akajifungia wiki tatu akatengeneza wa kwake. Ukishauambia upana wa kitako, kina na mwinamo wa kingo, basi. Kingo zenyewe zinanyooka mpaka zikutane na ardhi. Penye mteremko mkali mtaro unajiwekea mawe, penye tambarare unabaki udongo. Barabara ya kwanza kuutumia ilikuwa ya kule Bendera, na kilomita nne za mtaro zilijichora wakati bosi anakoroga sukari kwenye chai. Bosi akaita watu waje kuona.

Halafu ikaja kazi ya barabara ya mlimani, inayopita kwao kabisa.

Mlimani mtaro uliingiwa na wazimu. Kwenye kipande cha mita mia nne, kingo ziliishia njiani, zikaruka, zikarudi, na kioo kizima cha kompyuta kikajaa alama nyekundu. Shamsa, binti wa mfanyabiashara wa pale pale mjini, ndiye aliyekuwa anapokea vipimo vya ardhi kutoka kwa wapimaji, na ndiye aliyeona sababu. Upande wa juu wa barabara kulikuwa na kijishimo chembamba kinachofuata ubavu wa mlima. Kingo za mtaro zikikifikia zinadhani zimefika kwenye ardhi, zinasimama.

"Hiki ni nini, Elinaza? Mbona kinatembea na mlima mwanzo mwisho?"

Elinaza alikijua. Ulikuwa mfereji unaotoa maji kijitoni na kuyapeleka kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe walilolijenga babu zake, linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila shamba kwa zamu yake. Akiwa na miaka tisa alibeba tope la ndiva ile kichwani siku ya msaragambo, siku ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya wote. Mfereji ule aliujua kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwao.

Na kwa sababu aliujua, aliuonea aibu. Bosi alikuwa anasubiri chumba cha pili, michoro inatakiwa Ijumaa, na kinachouangusha mtaro maarufu wa Elinaza ni mfereji wa matope uliochimbwa kwa jembe, kwa kukadiria kwa macho, na wazee wasiovaa viatu. Wazee wake.

"Aa, hivyo ni vimfereji vya wazee tu," akasema. "Siku hizi havitumiki. Futa."

"Una uhakika? Tusiulize kijijini kwanza?"

"Tuulize nini? Si kwetu pale?"

Shamsa akafuta. Alama nyekundu zikaondoka zote, na mtaro ukapita juu ya mfereji, mzuri, umenyooka. Mgeni angeuliza. Mgeni hana wa kumwonea aibu, angepanda mlima na kiatu chake na kuuliza maji haya yanakwenda wapi.

Greda likaja, mawe yakapangwa, barabara ikafunguliwa. Esta alipeleka jogoo na kikapu cha tangawizi kanisani kumshukuru Mungu kwa kazi ya mwanawe. Masika yakaisha. Maji ya kijitoni yakafika pale mfereji ulipokatwa, yakatumbukia mtaroni, yakateremka juu ya mawe mpaka bondeni kusiko na shamba la mtu. Ndiva ikakauka ikapasuka.

"Maji hayafiki ndivani," Esta alimwambia kwenye simu, Jumapili moja baada ya ibada. Elinaza akasema atafuatilia. Miezi mitatu alisema hivyo hivyo, na hakufuatilia kitu, kwa maana wa kumfuatilia alikuwa yeye mwenyewe. Aibu iliyomtia uongo kinywani ndiyo hiyo hiyo iliyomziba mdomo. Mficha uchi hazai, naye alikuwa anaficha kwa mikono yote miwili.

Ndipo mama yake akapiga simu. Jumamosi kuna msaragambo, mguu wake umevimba, aje ashike jembe la nyumba.

Alipanda na bodaboda, akipita kandokando ya mtaro wake. Mawe yamekaa, mwinamo umetimia, haukupungua hata sentimita. Alitamani uwe mbaya. Ungekuwa mbaya angesingizia mkandarasi.

Watu kama arobaini walikuwa upande wa juu wa barabara wanachimba mfereji mpya, kwenye mwamba, kwa sururu. Aliyesimamia alikuwa Aminieli, mzee wa mfereji, na daftari lake la majina ya nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nyumba ya Esta imefika!" Watu wakamshangilia. Akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila aliyempita alimpa pole, na kila pole ilimchoma.

Saa saba yakaletwa makande. Aminieli akaja kukaa karibu yake na daftari na kalamu.

"Wewe ndiwe msomi wetu. Tuandikie barua, iende halmashauri na huko ofisini kwenu. Waambie mtu aliyechora mtaro huu alikuwa mgeni, hakujua kama hapa pana maji ya watu."

Elinaza akapokea daftari.

"Maana wapo waliotaka kusema ni wewe," mzee akaendelea. "Mama yako akasimama hapa hapa akaapa. Akasema barabara kachora mwanangu, lakini mtaro huu, hapana. Mtoto aliyebeba tope la ndiva kichwani hawezi kuufuta mfereji wake. Tukanyamaza. Esta hasemi uongo."

Esta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini juu, mguu ameunyoosha, anatazama maharage kwenye bakuli lake.

Kuandika "mgeni" lilikuwa jambo rahisi. Barua ingefika ofisini, bosi angeuliza nani alifuta, na kwenye kompyuta lingeonekana jina la Shamsa. Hapo Elinaza aliona jinsi alivyokuwa mtu duni, na akaanza kuandika. Alipomaliza, Aminieli akamwambia asome, maana barua ya wote husomwa mbele ya wote.

Akasoma. "Mtaro huu ulichorwa na Elinaza Loth, mtoto wa kitongoji hiki. Aliujua mfereji. Alipoulizwa, alisema hautumiki. Aliyeufuta kwenye kompyuta aliufuta kwa neno lake."

Mtu mmoja akaweka bakuli chini.

"Uliujua?" Aminieli akauliza.

"Niliujua, mzee."

"Basi afadhali angekuwa mgeni."

Barua ilihitaji sahihi za watu. Daftari likapita kwa huyu na huyu, na kila mmoja alimtazama Esta akalisukuma kwa mwenzake. Nani angesaini dhidi ya mtoto wa mjane, na mjane mwenyewe amekaa pale?

"Lileteni huku," Esta akasema.

"Mama..."

"Miezi mitatu, Elinaza. Kila Jumapili tunaongea. Ukaniacha niape mbele ya watu hawa."

Akaweka daftari juu ya goti zima, akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja, kwenye mstari wa kwanza. Akampa Aminieli kalamu. Kisha akaegemea ndoo akasimama, akaokota jembe lililokuwa miguuni mwa mwanawe, akaelekea kwenye mwamba akiuburuza mguu uliovimba. Elinaza alinyoosha mkono alipokee, naye akampita. Akabaki amesimama pale mikono mitupu, watu wakipanga mstari kusaini.