Simu za bei nafuu zamtia fundi wa Kitale tumbo joto

Saa mbili asubuhi mjini Kitale, Jentrix Wakoli anainamia simu iliyofunguliwa mgongo. Anainua mashine ya kupuliza hewa moto, anaisogeza karibu, kisha anaizima bila kuitumia. Anafuta jasho, ingawa asubuhi hii ina baridi kali.

"Zamani singefikiria mara mbili," anasema. "Siku hizi naogopa hata kugusa."

Jentrix ni fundi wa simu. Meza yake iko kwenye veranda ya duka la Ramandeep, ambaye familia yake imeuza redio, na sasa simu, mjini humu tangu enzi za babu yake. Meza hiyo ndiyo iliyomsomesha bintiye, Edinah. Wateja humletea simu hata kutoka Kapsokwony, zimefungwa kwa leso na kukabidhiwa mwendesha bodaboda.

Ana masharti yake. Simu ikipona, mwenyewe, au aliyeileta, hupiga nyumbani hapo hapo mezani, na Jentrix hapokei hata senti mpaka mtu wa upande wa pili aseme, "Nakusikia."

Sasa wanaopiga ni wachache. Kampuni zinazounda chipu, ule ubongo wa simu, zinang'ang'ania soko kwa kupunguza bei. Kazi iliyofanywa na vipande kadhaa imekusanywa kwenye kimoja, na simu mpya zimekuwa rahisi kununua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru hapa ni mnunuzi. Fundi hana lake.

"Kitambo kipande kikiharibika nilikuwa natoa kingine kwa simu imekufa, naweka," anaeleza. "Hii mpya kila kitu iko pamoja. Ukichoma kidogo, umeua yote. Na mtu anakuuliza, ati kutengeneza ni elfu mbili na mpya ni elfu nne, si ninunue tu?"

Mwezi Machi aliua moja. Ilikuwa ya Mukhisa, mwalimu wa kwaya kutoka Moi's Bridge, na ndani yake mlikuwa na nyimbo za waimbaji wake. Jentrix aliipasha moto kwa mazoea ya simu za zamani. Ikanuka, ikanyamaza.

Alijiandaa kutukanwa. Mukhisa akacheka. "Usijali, dada, hizo tutaimba tena," akasema, akaingia dukani kwa Ramandeep na kutoka na mpya.

"Hiyo ndiyo iliniumiza," Jentrix anasema. "Angenigombeza, ningejua kazi yangu bado iko na maana."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa huenda Bungoma kwa Wanjala, fundi anayemfundisha kutengeneza simu za kisasa. Hajafika mbali. Na wiki hii Ramandeep amemwambia kwamba Jumamosi analeta kaunta ya vioo, nayo itakaa pale ilipo meza yake.

"Mimi sina ubaya na Mama Edinah," Ramandeep anasema, akizikuna ndevu zake. "Lakini kastoma anataka mpya, bana. Nimemwambia akuje ndani, auze na sisi."

Jentrix bado hajaamua. Kuuza anaweza. Anachoogopa ni mikono yake kukaa bure, na hofu hiyo imemnyima hata hamu ya chai.

Na simu hii asiyothubutu kuipuliza? Aliileta Ramandeep mwenyewe jana jioni. Ni ya mama yake, Shakuntala, na ni mojawapo ya zile zile za bei nafuu. Alimpa mpya achague, mama akazikataa zote.

"Ati ndani iko sauti ya mzee wetu, na mzee ameshaenda," Ramandeep anasema, bila kututazama usoni.

Jentrix anawasha mashine tena, safari hii kwa joto dogo alilofundishwa na Wanjala.

"Nikiiua hii, Jumamosi natoka bila kuambiwa. Ikipona, nitaomba kona moja ya hiyo kaunta, niwe natengeneza zile watu hawawezi kutupa."

Na malipo?

"Masharti ni yale yale. Hii ikiwaka, nampigia bosi Ramandeep nayo huko ndani. Siondoki kwa hii meza mpaka aseme ananisikia."