Betri Nilizozifukia Kwenye Kahawa

Harufu ya kahawa ya maganda ikianikwa juani mpaka leo inanirudishia hofu. Wengine wakiisikia huwaza mavuno, mimi nawaza betri. Kwetu Kihanga, kiangazi kikiingia, uwanja wote ulitandazwa kahawa, na pembeni mwa jamvi Tata, yaani baba yangu, alipanga betri za redio zipate jua zichangamke. Zikigoma, tulizing'ata. Enzi hizo kila kifaa nyumbani kilikuwa na kazi yake moja na mahali pake: redio juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, saa ya kengele kabatini, tochi kwenye msumari nyuma ya mlango, albamu ya picha ndani ya sanduku la Mama. Betri tu ndizo zilizohamahama, leo redioni, kesho tochini.

Mwaka mmoja, nikiwa na miaka minane, Mama alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, tumbo limemvimba. Simu hatukuwa nayo. Habari zake zingetufikia kwa redio tu, na redio niliijua: baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana ulipigwa muziki wa huzuni, kisha mtu mwenye sauti nzito akasoma majina ya waliofariki. Tata alikaa ameinama, hatafuni, ndizi zinapoa sahanini. Mimi nilimchukia yule mtu. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba anayesomwa ndiye anayekufa, na asiyesomwa yu hai. Basi nikasema, Mama yangu hatamsoma ng'o!

Siku ya nne tangu Mama alazwe, Tata akiwa shambani, nilizitoa betri zote nne nikazifukia katikati ya kahawa. Aliporudi akabonyeza redio, kimya. Akapekua kabati, akapekua tochi.

“Koku, betri umeziona?”

“Hapana, Tata.”

Matangazo yalipita bila sisi, na kweli tena, nilifurahi. Nilikula sahani mbili.

Saa kumi jirani yetu Mama Alinda akaja kutupa pole. Alipomkuta Tata anaanza kugeuza kahawa kwa utulivu, akashika kichwa. “Maawe! Baba Koku, hamkusikia redio? Wanakuita hospitali ufike haraka!” Kumbe mtu yule hakusoma wafu peke yao. Aliwaita na walio hai, na mimi sikulijua hilo. Tata alirukia baiskeli mpaka kituo cha basi cha Omurushaka, akakuta basi la mwisho limeondoka, akalala hapohapo kituoni. Alifika kesho yake mchana, akaweka sahihi Mama apasuliwe. Daktari akamwambia angechelewa mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mengine. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha betri, na siku zote ambazo Tata hakuwepo nililala macho, nikiamini nimemuua mama yangu kwa mikono yangu. Tata aliporudi na kuendelea kugeuza kahawa, betri ziliibuka miguuni pake. Aliniangalia, akaziokota, hakunichapa. Mama aliposimuliwa alicheka huku ameshika mshono.

Sasa naishi Bugene. Redio, saa, tochi, albamu, vyote vimeingia ndani ya kitu kimoja kinachoenea kiganjani, na ninalala nacho chini ya mto. Mama naye anayo simu ya namna hiyo huko Kihanga, anakokaa peke yake tangu Tata atutangulie. Watu wanasifu kwamba mambo yamekuwa rahisi. Ni kweli, lakini zamani hofu yangu ilikuwa na saa yake. Ikifika saa nane, nilikuwa huru mpaka kesho. Siku hizi imehamia kwangu moja kwa moja. Nikitafuta ni saa ngapi, naikuta hofu. Nikitazama picha ya mwanangu, ipo. Na betri yenyewe haitoki, imefungiwa humo ndani.

Wiki iliyopita, mara tu baada ya chakula cha mchana, simu iliita, na kwenye kioo pameandikwa Mama. Mama hupiga jioni baada ya sala, hajawahi kupiga saa zile. Nikaisukumia simu chini ya mto wa kochi. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Mara ya nne binti yangu akaichomoa, akaibonyeza na kuniwekea sikioni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Koku we, nimepiga mpaka kidole kinauma! Tochi ya simu inawaka tangu asubuhi, naizimaje? Au umeficha betri tena?”

Nilicheka, nikamwelekeza pa kugusa. Lakini tulipoagana nilikaa palepale nikiwaza neno ambalo sijamwambia mtu. Yule msomaji wa redio hahitajiki tena. Siku ya Mama ikifika, jirani atachukua simu hiyohiyo ya Mama anipigie. Kwenye kioo patakuwa pameandikwa Mama, nami nitapokea kwa shikamoo.