Chai Yangu ya Kwanza Ukweni

Nichekeni tu, maana hata mimi najicheka. Kwetu Lushoto nimezoea mswaki wa plastiki wa dukani. Mwezi uliopita nikaolewa Ngamiani, na asubuhi ya kwanza ukweni nikajiapiza kuamka kabla ya wote nipike chai ya kusifiwa.

Jikoni nikakuta kicha cha vijiti kimefungwa kwa ukindu. Jamani, wakwe wananipenda, wameniwekea hadi kuni za kuwashia! Nikavitia vyote kwenye jiko la mkaa. Vilikuwa vibichi, vikafuka moshi, nami nikapepea huku nikizilaumu kuni za pwani.

Chai ilipochemka, familia nzima ilikuwa uani, kila mmoja na kikombe cha maji ya kusukutua.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia mama mkwe kwa madaha.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tupe ile miswaki niliyoileta jana kutoka Moa, tusafishe meno ndipo tunywe chai."

Nikalitazama jiko. Kijiti kimoja kilikuwa kimechomoza, kinafuka. Mama mkwe akayafuata macho yangu, akakichomoa, akakipuliza, kisha akawageukia wanawe.

"Rudisheni vikombe. Leo jiko limepiga mswaki kwa niaba yetu sote."