Baba na Pamba ya Masikio

Nikisikia harufu ya mawese yakipata moto, hasira za mama yangu hunirudia kama za jana. Na hapa Rumonge mawese hupata moto kila siku, basi fikirini wenyewe.

Zama za Wadachi, boti yao ya chuma ilivutwa ufukweni mwa ziwa letu ili itengenezwe. Baba, mfua chuma, alipewa kazi ya ndani: kushikilia misumari minene ya moto huku wenzake wakiigonga kwa nje kwa nyundo. Hata sisi nyumbani, mbali na pale, ilibidi tupaze sauti ndipo tusikilizane. Sembuse yeye aliyekuwa tumboni mwa boti!

Kila asubuhi Mama alichovya pamba katika mawese ya vuguvugu, akamziba Baba masikio. Kila asubuhi, kabla hajafika njia panda, Baba aliichomoa akaitupa. Kuku wetu waliidonoa.

"Baba Zuhura, unataka nikufanye nini?"

"Pamba ya masikioni ni ya maiti. Mimi iko muzima!"

Basi mimi Zuhura ndiye niliyetumwa kumkimbilia na pamba nyingine. Nilimwita mara tatu, mara nne, hakugeuka. Nikadhani ananidharau, nikarudi nikilia kwa uchungu.

Siku moja msumari mwekundu ulimponyoka fundi wa juu. "Jitenge!" wakapiga kelele. Wote waliruka isipokuwa Baba. Ulimwangukia begani, ukamuunguza vibaya.

Mama hakulia. Alijifunga kanga, akabeba kikapu cha pamba mpaka kwenye boti, akasimama mbele ya wale wanaume wazima wenye ndevu.

"Nani mwingine anangoja uziwi, kisha aungue?"

Msimamizi, mtu wa Ujiji, alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa, akazibwa masikio. Wengine wakafuata. Baba aliporudi kazini baada ya wiki mbili, aliivaa pamba yake. Lakini alikuwa amechelewa. Masikio yake hayakupona.

Majirani walimwita Mama mkali, kwa jinsi alivyompigia Baba kelele kutwa, mpaka uzeeni. Nami niliona haya. Nilikuwa mtu mzima nilipotulia siku moja nikayasikiliza maneno yenyewe: "Umeshiba? Nikuongeze? Njoo ukae karibu yangu!" Yalikuwa maneno ya kunong'onezana, na maskini Mama hakuwa na njia ila kuyapigia kelele.