Sauti ya Mdogo Wangu Kwenye Diski ya Kanisa

Mdogo wangu alifariki wakati wa masika, akiwa njiani kutoka kijijini kwetu Mbebe kupelekwa hospitali. Alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama, na gari lililombeba likakwama kwenye tope. Mtoto alipona. Mimi habari zilinikuta chuoni Mbeya, ninakofundisha fizikia. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamvika sanda.

Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nyimbo zao walizirekodi kwenye kompyuta kuukuu ya kanisa, na hakuna aliyewahi kutoa nakala. Siku ya mazishi vijana waliileta kompyuta ile chini ya turubai ili asikike akiimba kwa mara ya mwisho. Wimbo ndio kwanza ulikuwa umeanza, sauti yake imepanda, mtu akajikwaa kwenye waya. Kompyuta ikaanguka ikiwa inafanya kazi. Tulichosikia baada ya hapo ni kitu kikigonga ndani yake, kikigonga tu, mpaka mtu akaenda kuzima jenereta.

Msiba ulipokwisha, mama aliniita jikoni, kompyuta ile ikiwa mbele yake.

"Wewe si ndiye uliyesomea mambo hayo?"

Ni kweli nilisomea. Utafiti wangu wa shahada ya pili ulihusu spini, ile hali inayoifanya kila elektroni iwe kama kisumaku kidogo chenye mwelekeo wake. Ukizipitisha elektroni kwenye kobalti, ambayo ina usumaku, nyingi hutoka zimeelekea upande mmoja. Zikivuka kuingia kwenye shaba, ambayo haina usumaku, huushika mwelekeo ule kwa umbali mfupi mno, kisha huupoteza. Kichwa kinachosoma diski za zamani kama ile ya kompyuta ya kanisa kimetengenezwa kwa tabaka za namna hiyo, shaba ikiwa katikati ya sumaku mbili. Kinapopita juu ya diski, umeme hupenya ndani yake kwa urahisi au kwa shida, kutegemea alama za sumaku zilizo chini yake. Kompyuta huzigeuza tofauti hizo kuwa sauti.

Nilimweleza mama hayo kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, nusu ya maneno yakinikosa.

"Shaba hii hii inayopita na malori mpakani Tunduma?"

"Hiyo hiyo, mama. Ila ni nyembamba mno, huwezi kuiona."

"Basi twende Tunduma."

Nilikuwa nimekusikia kugonga kule kwa masikio yangu, na nilijua kwamba diski imeharibika. Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Mtoto tulimwacha kwa jirani. Kuanzia mji mdogo wa Mpemba malori yalikuwa yamesimama foleni, na mama aliyatazama dirishani.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, anayetengeneza kompyuta za mawakala wa forodha karibu na mpaka. Aliipokea diski kwa mikono miwili.

"Ilianguka ikiwa imewashwa, dada?"

"Ndiyo."

Alifungua skrubu, akainua kifuniko. Diski ilikuwa inang'aa kama kioo, isipokuwa pete moja pana ya kijivu iliyokwanguliwa kuizunguka. Kichwa kilikuwa kimepinda. Fundi alinitazama, akaona kwamba nimeelewa.

"Pole sana, mama," akasema.

Mama akainama. "Hilo si vumbi? Lifute."

"Vumbi hilo ndiyo rekodi yenyewe iliyokwanguliwa, mama."

Mama akanigeukia. Ningeweza kumweleza mpaka jioni jinsi kichwa kinavyosoma. Nikamwambia, "Anasema kweli."

Tukiwa njiani kurudi, mama alisema jambo moja tu. "Miaka yote ile ya shule." Hakulisema kwa hasira, na nadhani ndiyo maana liliniuma vile.

Wimbo ule kwaya ilimpa mwimbaji mwingine. Mwanzoni, kila ulipoanza kuimbwa, mama alikuwa akitoka nje ya kanisa. Siku hizi anabaki. Krismasi iliyopita nilimkuta uani akimbembeleza mjukuu wake kwa wimbo huo. Alifika pale sauti inapopanda, akasita.

"Hapa mdogo wako alikuwa anapanda hivi, au ni huyu mpya?"

Nilijaribu kukumbuka. Kichwani nilisikia kwaya, nilisikia jenereta, yeye sikumsikia.

"Ni yeye," nikasema. "Alikuwa anapanda hivyo hivyo."

Mama alinitazama, kisha akaendelea kumtikisa mtoto, ila wimbo hakuumalizia.