Gari la shemeji lilizama kwenye mafuriko, sasa mume wangu anataka kumuuzia rafiki yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, maana watu wengi wa huku kwetu wanaufuata ukurasa huu na mume wangu ni mmoja wao.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Mikumi, nimeolewa na nina watoto wawili. Nauza vitenge na nguo za watoto kwenye magulio ya Kidodi na Ruhembe, hasa msimu wa miwa ambapo watu wana hela. Kwa muda mrefu nilibeba mizigo kwenye bodaboda, mvua yangu jua langu. Mwaka jana mimi na mume wangu tukakubaliana tutafute gari dogo, hata la zamani, mradi litembee.

Kaka mkubwa wa mume wangu anaishi Kilosa, kazi yake ni kununua magari na kuyauza. Huyu shemeji ndiye aliyemlea mume wangu baba yao alipofariki, akamsomesha mpaka akawa mwalimu. Kwa hiyo aliposema, "Msihangaike na watu msiowajua, ninalo moja zuri hapa," mume wangu hakutaka kusikia la mtu mwingine.

Tulipofika Kilosa tulilikuta limeoshwa linang'aa. Jekundu, dogo, zuri jamani! Ila nilipofungua mlango nikakutana na marashi makali mpaka nikapiga chafya. Zulia la chini jipya kabisa, wakati viti vimechakaa. Injini nayo ilikuwa imeshawashwa kabla hatujafika, ya moto tayari. Nikasema kwa adabu, "Shemeji, basi tulipitishe kwa fundi hapo mjini aliangalie kidogo."

Akacheka, halafu uso ukabadilika. Akamgeukia mume wangu. "Mdogo wangu, siku hizi mkeo ananipeleka mimi kwa fundi?"

Mume wangu akanikata jicho. Tukalipa, tukaondoka nalo.

Mwanzoni lilikwenda vizuri, hata majirani wakatupongeza. Baadaye taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe, leo kioo kimegoma kushuka, kesho honi hailii. Mvua ikinyesha, mle ndani kunanuka tope. Nikilalamika, mume wangu ananiambia gari la zamani ndivyo lilivyo, nivumilie.

Siku moja natoka Kidodi mchana, binti yangu mdogo amekaa nyuma na marobota. Tuko kwenye mteremko, nyuma yetu kuna lori limejaa miwa. Gari likazimika ghafla. Usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo, nilipokanyaga tena ikawa ngumu haiendi. Lori linapiga honi, nalisikia linakuja. Nikavuta breki ya mkono, nikalilazimisha gari kwa nguvu zangu zote mpaka likaingia mtaroni. Lori likapita pembeni yetu, miwa mingine ikadondoka juu ya gari. Binti yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, tumekufa?"

Ndugu zangu, sauti ile hainitoki masikioni.

Gari likavutwa mpaka kwa fundi umeme wa magari hapa Mikumi. Akauvuta mkanda wa dereva mpaka mwisho. Kile kipande ambacho huwa kimejificha ndani kilikuwa cha kahawia kwa tope. Akafunua zulia, waya za chini zimeliwa na kutu. Akatoa tairi la akiba kwenye buti, chini yake kuna mchanga wa mto umeganda. Akaniangalia kwa huruma. "Dada, hili gari lilizama. Nikitengeneza hapa, litakatika pale. Litazimika tena, na siwezi kukwambia lini."

Nikakumbuka yale mafuriko ya Kilosa, maji yalivyoingia mpaka kwenye nyumba za watu. Nikakaa chini pale pale gereji.

Mume wangu nilipomweleza alishika kichwa. Akampigia kaka yake. Shemeji akajibu kwamba na yeye aliuziwa hivyo hivyo, hakujua, na kama tumelichoka tuliuze. Basi limetengenezwa, limeoshwa, na mteja amepatikana.

Mteja mwenyewe ni mwenzangu wa kwaya. Ana binti ambaye hawezi kutembea, anambeba mgongoni kupanda naye basi la Morogoro kumpeleka mazoezi hospitali. Gari analitaka kwa ajili ya mtoto huyo. Mume wangu amemwambia, "Ni zima kabisa, mke wangu analiendesha kila siku." Uongo. Mimi tangu siku ile sijaligusa.

Jana akanipigia. "Dada, mimi magari siyajui, nakuamini wewe. Nikija Jumamosi niangalie nini na nini?"

Majibu yote ninayo. Aje gari likiwa bado limepoa, alisikie linavyowaka. Avute mikanda mpaka mwisho, afunue zulia, aje na fundi wake na asikubali kuzuiwa na mtu. Lakini mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama. Nikamwambia, "Nitakupigia."

Nilipokata simu nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alinishika mkono. "Nakuomba, mke wangu. Likijulikana, kazi ya kaka imekwisha. Yule kwangu ndiye baba." Machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa mama yake.

Sasa simu ya mwenzangu imeingia tena asubuhi hii, sijapokea. Nikimwambia ukweli, nimemwaibisha mume wangu na ukoo wake wote. Nikikaa kimya, nitakuwa nimewapandisha mama na mtoto asiyeweza hata kuruka nje kwenye gari ambalo najua litazimika njiani.

Mnaosoma hapa, niambieni, nishike lipi? Ila tafadhali msimtukane mume wangu. Ni mtu mwema, na ndiyo maana nashindwa.